Vidole Kwenye Tabaka Jeusi

Mtunza udongo alikuwa mwanamke asiyependa kuombwa kitu. Ukiingia kwenye kile chumba chake cha baridi, koti zito mwilini, akikukazia macho tu unasahau shida iliyokuleta. Na alikuwa analinda nini? Matope! Cheka ukitaka. Matope yaliyovutwa kutoka sakafu ya bahari kwa mabomba marefu, kila bomba likapasuliwa kwa urefu: nusu ya kukatwa na watafiti, nusu ya akiba, isiyoguswa mpaka ile ya kwanza iishe. Humo ndani mna vigamba vya viumbe wadogo kama punje za chumvi, na vigamba vya kila tabaka hueleza bahari ya enzi zake ilikuwa na joto au baridi.

Kwenye nusu moja ya akiba palikuwa na alama za vidole vinne, vya mdogo wake mtunza udongo. Bomba lile lilipopasuliwa melini, nusu hiyo iliteleza mezani, na yule kijana, bado mgeni wa kazi, akaidaka kwa mkono mtupu. Mkuu wa safari akamjia juu: "Wewe! Umevuruga miaka elfu kwa vidole!" Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo wakamwita Vidole. Safari iliyofuata, wimbi lilimzoa sitahani, asionekane tena.

Mama yao alikataa katakata kuweka msiba. "Nimlilie nani? Nani kaona maiti?" Mashati ya mwanawe aliendelea kuyapiga pasi. Kila alipopita kazini kwa bintiye aliomba bomba lile lifunguliwe, akaning'iniza vidole vyake juu ya vile vya mwanawe bila kuvigusa, akauliza, "Hajambo?"

"Hajambo, mama," alijibu mtunza udongo, yeye mwenye ulimi mkali kwa dunia nzima. Alijua anamdanganya. Angefanyaje, jamani?

Sasa akaja msichana mtafiti. Nusu ya kukatwa ilikuwa imekwisha mahali palepale penye vidole, kwenye tabaka jeusi, la enzi ambazo maji ya chini ya bahari yalikosa hewa. Alitaka kujua kama joto la wakati ule lilikuja taratibu au kwa kishindo.

"Dada, najua pale pana nini," alisema.

"Hujui lolote."

"Nimeambiwa. Pole sana. Ila hakuna pengine."

Alifukuzwa. Akarudi, akafukuzwa tena, akarudi na upole uleule. Angeleta jeuri, mtunza udongo angemkomesha. Upole ndio uliomshinda. Na moyoni alijua Vidole angemcheka: yaani dada, unalinda kosa langu?

Hakumwachia mtu kisu. Alikata mwenyewe, akatia udongo kwenye chekeche, akafungulia maji. Matope meusi yakayeyuka yakiteremka kwenye sinki, na vidole vikaenda nayo. Alihisi anaosha maiti. Kwenye chekeche, udongo wa chini ya tabaka uliacha vigamba tele, vyeupe. Ule wa tabaka lenyewe haukuacha hata kimoja.

Mtafiti aliinua macho kwenye darubini. "Joto lilikuja ghafla," alisema polepole. "Viumbe hawa hawakupata hata nafasi ya kuhama."

Mama alipokuja, bintiye hakutafuta maneno. Alifungua bomba, akamwonyesha pengo.

"Nimekata, mama. Mimi mwenyewe."

Alisubiri kofi, alisubiri laana. Mama aliliinamia pengo lile.

"Hakukuwa na pengine?"

"Hakukuwa."

"Sasa yuko wapi?"

Hapo angeweza kusema hajambo. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. "Hayupo, mama. Nimemwosha, akaenda na maji."

Mama alitafuta kiti kwa mkono kama asiyeona, akaketi.

"Kwa hiyo amekufa."

"Amekufa, mama."

"Mwanangu wee!" Kilio kilimtoka mama kwa mara ya kwanza, kikajaza chumba, kikapenya mlango ule mzito, na watu wa ofisi za jirani wakasimama kwenye korido. Mtunza udongo alipiga magoti, akakumbatia miguu ya mama yake, akalia naye. Mtafiti alikuwa wa kwanza kuingia kuwapa pole.