Barafu ya Mwalimu Winifrida

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, mwaka 1997, watoto walifika kwenye bustani ya miti ya Kasulu wamevaa masweta ya mitumba yaliyowapita magoti, kila mmoja na kikombe chake na kiazi kitamu kimoja. Kikombe kilikuwa cha uji. Kiazi kilikuwa cha kufukia kwenye majivu. Ndivyo ilivyokuwa kila kipupwe. Bustani ilikuwa mali ya umma, imepandwa zamani na watu wa misitu juu ya kilima chenye upepo, na shule zikifungwa kamati ilifungua lango ili watoto wajifunze majina ya miti, wapandikize michungwa, wakamue mawese, wasuke vikapu, na kabla jua halijazama wakae kuuzunguka moto na kuimba.

Mwalimu Winifrida aliziongoza shughuli hizo tangu zilipoanza. Alikuwa mjane aliyeishi kijiji cha Heru Juu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika mbali, aliyekwisha kustaafu ualimu. Watoto wake walihamia Tabora na hawakuja mara kwa mara. Mwaka mzima alilima maharage yake kama mtu yeyote, lakini likizo ya baridi ikifika hakuweza kupita sokoni bila watoto kumwita kutoka kila kibanda, na hapakuwa na kitu duniani alichokipenda kama kuitwa vile.

Mwaka ule mpishi wa uji alikuwa amejifungua. Winifrida mwenyewe ndiye aliyemleta Niyonsaba.

Niyonsaba alikuwa jirani yake. Aliingia nchini mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, wakikimbia kutoka Burundi, akakulia Heru Juu na kuolewa na Makarius, Muha wa hapohapo, mchoma matofali. Binti yao Immakulata alipobatizwa, aliyesimama kuwa mama wa ubatizo ni Winifrida. Nyumba hizo mbili ziliombana chumvi na kupeana moto.

"Uje unisaidie uji tu," Winifrida alimwambia.

"Uji tu, mama," Niyonsaba akajibu.

Siku za kwanza ulikuwa uji tu. Kisha mtoto mmoja mdogo wa Nyakitonto akalia kwa sababu ya baridi, na Niyonsaba akamweka karibu na sufuria, akamuuliza jina lake, jina la mama yake na jina la mbuzi wao. Kesho yake alimsalimia kwa majina yote matatu. Watoto wengine wakaona. Kufikia mwisho wa wiki kila mtoto alitaka kuulizwa habari za mbuzi wao, na wasiokuwa na mbuzi walitunga wa kwao.

Winifrida alikuwa amesimama chini ya mninga, akieleza jinsi utomvu wake unavyotoka mwekundu kama damu. Hilo lilikuwa somo lake bora. Miaka yote watoto walipiga kelele alipochanja gome na ule wekundu ukachuruzika. Safari hii alipochanja gome walikuwa watano tu. Wengine walikuwa jikoni, na kicheko chao kilipanda juu ya miti.

Aliinua kikombe chake cha chai anywe, chai haikuja. Ilikuwa imeganda.

Mzee Hilali, mwenye duka la vitambaa mjini na mwenyekiti wa kamati ya bustani, alikuwa akipita na fimbo yake.

"Mwalimu, chai yako imeshika barafu."

"Naiona."

"Agiza nyingine."

Akaagiza nyingine, nayo ikaganda. Niyonsaba ndiye aliyeileta.

Tangu siku hiyo Winifrida akawa na baridi yake mwenyewe. Alipoketi, majani ya chini yalipigwa weupe. Alipomtazama Niyonsaba kwa muda mrefu, pembe za kanga yake zilikakamaa na kugongana kama vipande vya bati. Heru Juu hawakulizungumza sana jambo hilo. Kuna watu wenye joto la mikono ambao siagi huwayeyukia, na kuna wenye baridi. Wanawake walimshauri avae soksi. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa alimwomba amshike mtoto paji la uso, akamshika, na homa ikashuka.

Siku ya kufunga likizo wazazi walikuja, wakala viazi, wakasikiliza nyimbo. Mzee Hilali akasimama kuishukuru kamati, halafu akasema kwamba kwa kuwa watoto wenyewe wameomba, mwakani shughuli zitaongozwa na Mama Immakulata, na Mwalimu Winifrida, ambaye umri nao unasogea, atamsaidia. Wazazi walipiga makofi. Winifrida naye alipiga makofi. Kutoka viganjani mwake zilidondoka chembe nyeupe zilizolia kidogo zilipogusa mawe.

Niyonsaba alimfuata mpaka langoni.

"Mama, mimi sikuomba. Nitawaambia hapana. Ile kazi ni yako."

"Usiwaambie kitu."

"Watoto ni watoto tu, mama. Leo wananipenda mimi kwa sababu ya uji."

"Hawakukupenda kwa sababu ya uji," Winifrida alisema, na hilo ndilo lililomuuma. Niyonsaba angekuwa anaringa, angemchukia kwa raha. Lakini Niyonsaba alimbebea kapu lake mpaka nyumbani, akamchotea maji, akauegesha mlango ili upepo usiingie. Asubuhi yake maji yalikuwa yameganda mtungini, na mtungi umepasuka.

Mwezi wa tisa likaja lori. Mwaka ule ilikuwa imetolewa amri kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wapelekwe makambini, hata waliokaa miaka mingi. Wenye lori walikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe. Mjumbe wa Heru Juu aliwaonyesha waliokuja juzi na akapita nyumba ya Makarius bila kugeuza shingo. Hakuwa ameficha kitu kwa makusudi. Alikuwa amecheza na Niyonsaba utotoni na haikumjia akilini kwamba ametoka mahali pengine.

Mchana, afisa wa lori alisimama kwa Winifrida akaomba maji. Aliletewa kikombe cha bati, na ndani yake vipande vya barafu vikielea. Akanywa, akafumba macho.

"Mama, haya maji ni ya mji. Mna umeme hapa?"

"Hatuna."

"Mungu akubariki. Basi, kijiji chenu tumekimaliza."

Winifrida aliangalia njia. Niyonsaba alikuwa uani kwake, anapeta maharage, na watoto wanne ambao hawakuwa wake walikuwa wamekaa miguuni pake kwenye vumbi.

"Mmemsahau mmoja," Winifrida alisema. "Pale."

Makarius alikuja mbio kutoka kwenye tanuri lake, mikono imejaa udongo. Alisema yule ni mke wake wa kanisani. Afisa akamjibu kwa upole kwamba ndoa ni jambo jema, na kwamba mambo hayo yataangaliwa hukohuko kambini, upande wa Kibondo. Niyonsaba aliruhusiwa kuchukua blanketi na sufuria. Immakulata alibaki, kwa kuwa baba yake ni raia.

Alipokuwa anapandishwa, Niyonsaba alikiona kikombe mkononi mwa afisa. Barafu ilikuwa bado inagonga ukingo wa bati. Katika Heru Juu yote, na Kasulu yote, palikuwa na nyumba moja tu yenye barafu.

Akamtafuta Winifrida kwa macho mpaka akampata, penye kizingiti chake.

"Mwakeye, mama," alisema, kama anavyomsalimu kila asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri.

Winifrida hakuitikia. Lori likaondoka, na watoto wale wanne wakalifuata mpaka barabara kuu.

Kipupwe kilichofuata, kamati ilimwendea Winifrida kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Alifika bustanini Jumatatu asubuhi na theluji yake. Ilikuwa inaanguka kutoka juu kidogo ya kichwa chake, polepole, upana wa mwavuli, na popote alipokwenda ilikwenda naye. Nje ya duara lile jua liliwaka kama kawaida.

"Hii si barafu tena, Mwalimu," alisema Mzee Hilali, ambaye alikuwa amewahi kuishi Moshi. "Hii ni theluji. Watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuiona mlimani."

Akakaa akafikiri kidogo, kisha akabadilisha ratiba. Baada ya majina ya miti na kabla ya kusuka vikapu, kukawa na theluji. Watoto walipanga foleni, wakakinga vikombe, na Hilali akawamiminia juisi ya ukwaju juu yake. Walijifunza kuifinyanga na kurushiana. Walijenga mbuzi weupe chini ya misonobari. Wakaja watoto kutoka Nyakitonto na vijiji vya mbali zaidi kwa miguu, wakaja walimu wao, na watawa wawili ambao walikuwa wanaugua meno. Kelele zilisikika mpaka sokoni. Winifrida akipita mjini sasa walimwita kutoka kila kibanda na kila dirisha, "Mwalimu! Mwalimu!", naye aliinua mkono, na theluji ikamwagika kutoka kwenye kwapa la sweta.

Alikuwa na furaha. Alilala vizuri. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikufa ganzi na baadaye vikaanguka, akavifukia shambani, na hakukosa siku hata moja bustanini.

Immakulata alikuja kila siku na baba yake. Hakukinga kikombe.

Katikati ya likizo Makarius alimsubiri Winifrida langoni. Alikuwa amekonda, na alishika kofia yake mikononi.

"Mama wa ubatizo," alisema, "sikuja kwa ugomvi. Nimekwenda ofisini mara nyingi. Wanasema wanataka mtu mzima anayeheshimika, aseme kwamba Niyonsaba amekulia hapa na ni mtu wa hapa. Wewe ndiye uliyemwonyesha. Ukisema wewe, watasikia."

"Nitasema," Winifrida akajibu, na alikusudia kusema.

Walikwenda pamoja. Karani aliwapa benchi, na alipoona theluji akasogeza makaratasi yake yasilowe. Akauliza maswali ya kawaida. Mwisho akauliza, "Mama, huyu mwanamke unamfahamu? Ni mtu wa hapa?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, watoto waliokuwa wamewafuata kutoka bustanini walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara na vikombe vyao, wanamngoja.

"Akirudi," Winifrida aliuliza, "bustani ataongoza nani?"

"Hilo si la ofisi hii," alisema karani.

Winifrida aligeukia dirishani. Theluji ikaanza kujaa mapajani mwake.

"Simfahamu sana," alisema. "Alikuwa anapika uji."

Karani akafunga jalada. Makarius aliinuka, akaipangusa theluji iliyokuwa kwenye bega la mwanamke yule mzee, kwa kuwa hakulelewa kumwacha mtu mzima na kitu begani, akatoka.

Siku ya pili yake Immakulata alisimama kwenye foleni kwa mara ya kwanza. Hakuwa na kikombe, alikuwa na chupa kubwa ya chai yenye mfuniko.

"Nijazie, mama," alisema.

Winifrida alimjazia ile laini, iliyokuwa imeanguka dakika ile. Mtoto akafunga mfuniko, akaipeleka kwa Lukmani, dereva aliyekuwa anapeleka dagaa Kibondo, kwenye makambi.

Lukmani alirudi Alhamisi. Alikuta watoto wamejaa bustanini, akampungia Winifrida chupa tupu kutoka mbali.

"Imefika salama, Mwalimu! Haikuyeyuka hata tone."

"Yeye yukoje?"

"Amekonda. Alikuwa na malaria, amepona. Amelima kibustani nyuma ya mahema, na pale kuna watoto! Wa Burundi, wa Kongo, sijui wametoka wapi. Wanakaa pale tangu asubuhi. Aliigawa theluji yote, kila mtoto chembe ulimini. Anakushukuru sana."

Winifrida alikuwa ameshika upawa. Watoto wa foleni walikuwa wametulia, wanasubiri zamu.

"Ni wengi?" aliuliza.

"Wengi, Mwalimu."

"Kuliko hawa?"

Lukmani alikuwa mtu mkweli. Akaitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho wake, akapiga hesabu.

"Hawa ni wachache," alisema.

Theluji ikawa nzito ghafla. Ilishuka kwa mafungu, ikamfunika Winifrida mabega, ikampanda mpaka kiunoni, na kwa mara ya kwanza ilivuka duara lake na kuanguka juu ya mninga, juu ya lango na juu ya jiko la uji. Watoto walishangilia, wakaiacha foleni, wakatupa vikombe, wakaingia ndani yake kwa mikono miwili. Mzee Hilali alituma mtu mjini akalete makoleo.

"Mwambie nimejibu salamu," Winifrida alimwambia Lukmani, na mvuke ukamtoka kinywani. Kisha akauliza kama safari ijayo ataweza kubeba pipa.