Kabla ya Kuachia Ufunguo

"Kwa hiyo walikuwa wanakulipa uzunguke tu, masaa ishirini na ine, halafu unarudia pale pale ulitokea?" Mama Eliana aliliingiza swali dirishani pamoja na kiwiko chake, kiwiko chekundu cha mwanamke aliyeuza mawese sokoni Rumonge tangu Shadia akiwa na meno ya utoto, na Shadia, mikono juu ya usukani wa gari lililozimwa, akasema ndiyo Mama Eliana, ni kuzunguka tu, maana angesema nini kingine, miaka kumi na mmoja ya mbio za magari na hakuna aliyewahi kuifupisha kazi yake vizuri namna hiyo, hata wale waandishi wa Ulaya waliomwita binti wa Tanganyika, kana kwamba aliibuka ziwani na magamba yake, "Na mukojo?" akauliza Mama Eliana, "munakojolea wapi?", tunapokezana, Mama Eliana, madereva watatu kwa gari moja, huyu akichoka anashuka anaingia mwingine, "Aa, basi kama hii foleni," akasema mama yule, akatoa kiwiko chake, akarudi nyuma kwenye gari la mitungi yake ya mawese, na alikuwa na haki, ilikuwa kama hii foleni, siku ya pili leo tangu Probox ya mdogo wake Nasiri isimame kwenye mstari wa esanse, yaani petroli, magari ishirini na matatu mbele yao hadi kwenye pampu ambayo yenyewe haikuwa na kitu, ilikuwa na uvumi tu, kwamba lori la esanse limeonekana Bujumbura, limepita Gitaza, limeharibika, halikuwahi kuwepo... na dereva wa mbio za saa ishirini na nne ameketi ndani ya teksi ya mdogo wake akilinda mita nne za lami zisichukuliwe na mtu, na alikuwa akifanya hivyo vizuri, uvumilivu ndio fani yake, si mkuu wa lise, ile sekondari ya hapa, amemwomba Jumamosi awazungumzie wasichana kuhusu uvumilivu, uvumilivu na nidhamu, karatasi ya mwaliko ikiwa na mihuri mitatu... simu ilikuwa juu ya paja lake, kioo kikitazama chini, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Asitazame simu. Atazame usukani, usukani ndio wa kutazama, maana alfajiri Nasiri alipomkabidhi zamu, macho mekundu, baada ya kulala kitini kama kanga aliyefungwa miguu, alimtupia ufunguo mkononi akasema iko sawa dada, iko sawa, akaenda kuoga, na saa moja baadaye foleni ikasogea, magari manne yaliyokata tamaa yalikuwa yametoka mbele, wanaume wakasukuma, maana ni nani mwenye esanse ya kuwashia gari ili kwenda kutafuta esanse, na yeye akiongoza tu, mwendo wa mgonjwa, vidole vyake vikajua kabla yake, usukani umekaa upande ilhali magurudumu yanatazama mbele, gari linavuta kushoto, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekushika kiwiko kukutoa sebuleni, basi gurudumu la kushoto limekula kitu, jiwe au shimo, kuna chuma chini humo kimepinda, na Nasiri anajua, hakuna dereva asiyejua, na amesema iko sawa, mpumbavu, teksi ya watu, kesho ana abiria wa Nyanza-Lac, kina mama na watoto na ndagala zao, dagaa wa ziwani, na alikuwa ameshaipanga hotuba nzima ya kumpokea nayo akirudi na chai, dereva gani wewe, mtoto wa Hamissi gani wewe... Hamissi, baba yao, Mungu amrehemu, na ile Fuso yake ya kupeleka mawese Bujumbura, aliyemfundisha kuendesha na mitungi imejaa nyuma, endesha mafuta yasijue kama kuna kona, alimwambia, na huo ndio ulikuwa ufundi wake wote, baadaye chuo cha uhandisi Liège, gereji, magari madogo, magari makubwa, watu wakimsifu kwa ulaini wa mikono yake na kuuliza kocha wake ni nani, ni mawese, angewaambia, kocha wangu ni mawese... na Fuso ile baba alipokezana na Yonasi wa Gatete, Mkristo aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania na nyimbo zake za kanisani zote, watu wawili ambao hawakukubaliana juu ya Mungu wala juu ya mpira, walikubaliana juu ya ufunguo, anayetoa anaunyoosha, anayepokea anaushika, na hakuna anayeuachia mpaka maneno yasemwe, wazee wazima wamesimama uani wameng'ang'ania kipande kimoja cha chuma kama watoto na pipi, sema ugonjwa wake, anasema mmoja, na mwingine anasema, breki ya nyuma inalia, taa ya kulia imekufa, nimegonga jiwe pale Gitaza, kosa ni langu, hapo tu mkono unaachia, halafu ndiyo salamu, amahoro, habari za nyumbani, Shadia mdogo alicheka sana, aliona ni mambo ya wazee.

Akaigeuza simu. Hakuwa na haja ya kuusikiliza tena ule ujumbe wa sauti, ameshausikiliza mara tano, sauti ya Bienfait haikuwa na hasira, hilo ndilo lililokuwa baya, Bienfait wa Uvira aliyekulia Brussels, dereva mwenzake kwa misimu minne, "Shadia, ni miye, kuna timu moja inataka kunirudisha, gari ya pili, si mambo makubwa, lakini banauliza ile kona, banataka niseme nilifanya kosa gani pale, niwajibu mbele ya saa sita ya leo, na miye, unajua, mwaka wa tatu huu, kila siku naiendesha ile kona kichwani na sioni kosa, weye ndiye ulitoka ndani ya gari ile mbele yangu, uliona kitu? uliskia kitu? haya, salimia ziwa." Salimia ziwa. Ziwa lilikuwa pale, kati ya ukuta wa sitasiyo ya esanse na kibanda cha kuuzia simu, la bluu, limetulia, haliulizi mtu kitu... na sasa ilikuwa saa nne na nusu. Saa ya kumi na tisa ya mbio zile, miaka mitatu nyuma, ndivyo ilivyokuwa, asubuhi, ukungu juu ya msitu, wanaongoza kwa mzunguko mzima, mzunguko wake wa mwisho kabla ya kukabidhi, gari la polepole mbele, angeweza kusubiri kona moja, hakusubiri, akapita kwa ndani, akapanda ukingo, kishindo, si kikubwa, na baada ya hapo usukani ukaanza kutetemeka mikononi kama samaki aliye hai ndani ya kikapu, na fundi akauliza redioni, gari liko sawa? na yeye akasema, liko sawa. Kwa nini. Hilo alikuwa na jibu lake, alilipamba miaka mitatu, kwamba alikuwa mwanamke peke yake, Mwafrika, wenye pesa wamesimama ukutani na kahawa zao wakisubiri msichana aharibu, gari likiingia gereji wangesema si tulijua, jibu zuri, lingefaa Jumamosi kule lise, wasichana wangepiga makofi... na lilikuwa la uongo, au ukweli wake ulikuwa wa kanga iliyotandikwa kufunika meza iliyovunjika, maana ukweli ulikuwa mdogo kuliko hapo, ukweli ni kwamba alikuwa amechoka, alitaka kushuka, alitaka chai na kitanda, na aliona mtetemeko ule si wake tena, dakika mbili zijazo utakuwa wa mtu mwingine. Kisha kukabidhi, anayeshuka ndiye anayemfunga mikanda anayeingia, ndio desturi yao, uso kwa uso ndani ya kofia, Bienfait akapiga kelele, iko namna gani? na yeye akakaza mkanda wa bega na kumwonyesha kidole gumba juu. Mizunguko saba baadaye, ile kona. Ukuta. Nyonga ya Bienfait ina vyuma sasa, anaendesha basi dogo la wazee Brussels, gari liliungua hata hakuna chuma cha kuchunguza, ripoti ikaandika kosa la dereva, na Shadia alimpelekea maua hospitali, maua, kama vile amekufa, kila mtu akasema ana moyo yule binti. Mkataba wa msimu ujao ulikuwa kwenye mkoba wake kiti cha nyuma, kurasa sita, haujasainiwa, na ni kimya tu kilichohitajika, hata si uongo, kimya mpaka saa sita.

"Nasiri, umetuletea dada yako azunguke bila kwenda!" Mama Eliana huyo, na Nasiri huyu, amekuja na chupa ya chai na mandazi ndani ya gazeti, ameoga, shati safi, "Dada, toka ukapumzike, mi niko," na hotuba yote ilikuwa tayari ulimini, lakini kilichotoka kilikuwa kidogo, gari ina ugonjwa gani, Nasiri? "Si nilikwambia iko sawa?" Usukani unavuta kushoto. "Barabara tu, dada, barabara iko mubaya, kila mutu anajua," akasema akilitazama ziwa, na Shadia akauona uso ule aliouvaa yeye ndani ya kofia, hakuwahi kuuona kwa nje, kumbe ndivyo unavyokaa, kumbe hauna ubaya wowote, ni uso wa mtu anayetaka kupumzika... Akauchomoa ufunguo, akaunyoosha dirishani. Nasiri akaushika. Shadia hakuachia. "Dada," akasema Nasiri, akicheka nusu, "wacha basi," akavuta kidogo, yeye hakuachia, na akaona mdogo wake amekumbuka ule ufunguo wa baba uani, ndoo ya mtu ikagonga lami, foleni haikusogea, hakuna kilichosogea, na akangoja, akingoja neno litoke kwa Nasiri, akingoja kwa haki zote za dada mkubwa, mpaka akasikia jinsi anavyongoja, na mkono wake wa kushoto ukaitafuta simu pajani, kidole gumba kikabonyeza pale pa kusemea, kikabaki hapo.

"Bienfait, ni Shadia. Hukufanya kosa. Nilipanda ukingo mzunguko wangu wa mwisho, nikasikia usukani unatetemeka, nikashuka nikakufunga mikanda na nikanyamaza. Kosa ni langu. Waambie hivyo, na uwape namba yangu."