Mwanamke wa Upande wa Kushoto

Nkwabi aliijua barabara ya Kagongwa hadi Rusumo kama ua wa nyumba yake. Alipeleka saruji Rwanda, mbolea Burundi, akarudi salama. Kwa hiyo tajiri wake alipomwambia kwamba mizigo ya nje imeongezeka, na kila dereva wa masafa marefu lazima apite chuoni kwanza, alicheka.

"Mimi nikafundishwe usukani?"

Chuoni hakukuta lori. Palikuwa na kiti, usukani na skrini tatu kubwa. Mwalimu alikuwa dada aitwaye Dorah.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae."

"Marahaba." Akakaa, akawakonyeza madereva wenzake waliosimama nyuma.

Kwenye skrini ikatokea barabara inayofanana kabisa na ile ya Runzewe: maduka, bodaboda, mbuzi. Nkwabi akaendesha kwa madaha. Wenzake walikuwa wanamshangilia, mara wakapiga yowe.

"Mayoo!" alilia Fredy, rafiki yake.

Nkwabi akakanyaga breki. "Kuna nini?"

Dorah alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Baba, umemgonga mama."

"Mama yupi?"

"Aliyetokea kushoto, na ndoo kichwani."

"Hapakuwa na mtu pale!"

Akageuka akitegemea wacheke. Wote walitazama sakafuni.

Dorah akairudisha picha. Safari hii Nkwabi aligeuza shingo yote, akamwona: mama wa kitenge cha njano, mchana kweupe, anatembea taratibu. Alipotazama mbele, mama akatoweka. Akageuza shingo. Yupo. Akatazama mbele. Hayupo.

Akauachia usukani. Jana yake tu alikuwa amepita Runzewe siku ya gulio, watu wamejaa hadi kwenye lami, na mkewe Salome ameketi kando yake.

"Kwa hiyo jana..." alisema.

Fredy alimpeleka hospitali Kahama. Daktari akamwambia ni presha ya macho. Imekuwa ikimla uoni kutoka pembeni, polepole, bila maumivu. Matone yangelinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi, na lori asiliguse tena.

Nje ya hospitali akampigia mkewe.

"Mama Ndaki, wameniambia sioni."

"Huoni nini?"

"Sijui. Hicho ndicho kinachoniogopesha."

Sauti ya Salome ikatoka ndogo: "Na jana ulinibeba."

"Nilikubeba."

"Ee Mungu wangu."

Asubuhi iliyofuata Fredy ndiye aliyeondoka na lori kwenda Kigali. Nkwabi alimkabidhi funguo getini kwa tajiri wao, akasimama mpaka vumbi likatua. Nyumbani kwake kulikuwa ng'ambo ya barabara. Akafika ukingoni, akatazama kushoto, kulia, kushoto tena. Hakuona gari lolote. Hata hivyo miguu ilikataa, akabaki pale mpaka muuza mahindi mmoja alipomshika mkono, wakavuka pamoja.