Kromosomu Hamsini na Nne

Watu wa Tlawi, kijiji cha milimani mbali na bahari, walimcheka Agripina Sulle walipoona mabeseni ya maji ya chumvi kibarazani kwa mama yake. Ndani yake alikuwa amepanda miche ya mikoko, miti ya pwani, kutoka Tanga, akaifunika kwa nailoni ili baridi isije ikaiua. Agripina alifundisha baiolojia sekondari huko Endagikot, huku akisomea shahada ya uzamili. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kromosomu za mikoko, vile vinyuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi wa mmea.

Miche yote ilikuwa na kromosomu thelathini na sita, kama vitabu vinavyosema, isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa na hamsini na nne: seti tatu badala ya mbili.

Alimtumia picha za hadubini msimamizi wake wa chuoni, Dokta Gregory, kisha akampigia simu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Picha nimeziona. Hapo umebonyeza seli mbili zikalaliana. Andika thelathini na sita, tumalize."

"Seli mbili zingenipa sabini na mbili. Nimerudia kwa mizizi mingine, jibu ni lile lile."

"Agripina, mikoko nimeisoma kabla hujazaliwa. Wewe mtu wa milimani umeiona juzi tu."

Hasira zilimpanda. "Juzi, lakini kwa macho yangu. Sitaandika nisichokiona."

"Basi tasnifu yako sisaini."

"Usisaini, Dokta."

Mama yake, Ludovika, alikuwa akichambua maharage na amesikia yote. "Mwanangu, namba tu hiyo. Mpe anayoitaka upate cheti chako."

"Mama, mtu akikuambia ng'ombe wako ni mbuzi, utakubali ili muelewane?"

Ludovika akacheka bila kutaka. "Sikubali. Ila mimi sihitaji saini yake."

Agripina aliomba chuo kimpe msimamizi mwingine. Alipewa, lakini mahafali yalimpita. Wenzake walivaa majoho. Yeye alisahihisha mitihani ya kidato cha pili, walimu wakinong'ona kwamba kiburi kimemponza.

Likizo ilipofika alipanda basi la Dar, mche ule kaupakata. Msimamizi mpya, Dokta Mectilda, hakutaka picha. Alikata ncha ya mzizi mwenyewe, akaitia rangi, akainamia hadubini. Agripina alisimama ukutani, akisubiri.

"Hamsini na nne," Mectilda akasema hatimaye. "Lakini jiandae. Watakupinga wengi, na Gregory atakuwa wa kwanza."

"Waje," Agripina akajibu. "Waje na hadubini zao."