Mtu wa Nyuma

"Nani atasema?" Bi. Stefania aliuliza.

Walenty Regiec alikuwa amepiga magoti mbele ya chelezo, akishindilia matawi ya msonobari kwenye nafasi zilizoachwa kati ya mitumbwi ili maji yasiwarukie abiria. Mitumbwi yenyewe ilikuwa mitano, myembamba, imefungwa ubavu kwa ubavu kwa kamba. Ilifungwa hivyo kila asubuhi hapa Kąty, ikafunguliwa kila mchana huko chini Szczawnica, ikarudishwa juu kwa lori. Hakuinua kichwa.

"Mimi," alisema.

"Wewe!" Bi. Stefania Kozub, msimamizi wa gati, alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba farasi wake amejifunza kusoma. "Walek, tangu nikujue nimekusikia ukisema 'shika' na 'achia'. Hata siku ya harusi yako padri alikuuliza mara mbili."

"Alisikia mara ya kwanza. Alitaka tu watu wacheke."

Kwenye tezi, nyuma kabisa, Ignacy Plewa alicheka. Mabega yalitikisika, mdomo ukafunguka, na hakuna kilichotoka. Alikuwa amejifunga skafu shingoni ingawa ulikuwa mwezi wa Juni na jua lilikwisha kupata nguvu. Majira ya baridi yaliyopita madaktari wa Kraków walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka pamoja na uvimbe huo. Mikono hawakuigusa. Bado ingeweza kuzuia chelezo kizito katikati ya mkondo kwa upondo mmoja, ule mti mrefu wa kusukumia.

Katika mto Dunajec watu hufanya kazi wawili wawili. Wa mbele huongoza na kusema. Wa nyuma husukuma na kunyamaza. Jozi hupangwa watu wangali vijana, na nyingi hudumu kuliko ndoa zao. Ignacy alikuwa mbele na Walenty nyuma kwa zaidi ya misimu ishirini. Watalii hutoka Warsaw na Berlin na kwingineko kuja kutazama majabali ya hifadhi ya mto huo, lakini wakirudi kwao wanachosimulia ni yale waliyoambiwa na mtu wa mbele. Bi. Stefania alilijua hilo kuliko wote. Chelezo kisicho na maneno, alizoea kusema, ni kuni zinazoelea.

"Nakupa safari moja," alisema. "Nami napanda. Abiria wakisinzia, kesho Ignacy atahamia Szczawnica kupakia mitumbwi kwenye lori, na wewe utapewa kijana wa Salamon."

"Kijana wa Salamon anaongea sana."

"Ndiyo maana yake."

Abiria walikuwa wastaafu wa kiwanda kimoja cha nguo huko Łódź, kumi na wawili, wengi wao wanawake, wenye mikate iliyofungwa kwenye karatasi na makoti ya mvua ambayo hawangeyahitaji. Walenty aliwashika mikono mmoja mmoja wakashuka mpaka kwenye mabenchi. Kisha alivuta kizibao chake cha buluu kikakaa sawa, akavaa kofia nyeusi yenye mstari wa simbi kuizunguka, akasimama mbele, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Bi. Stefania alikaa benchi la mwisho. Ignacy alisukuma, na gati likarudi nyuma.

Mwanzoni Walenty alitazama mbele. Mtu anayeongoza hutazama anakokwenda. Hilo kwake lilikuwa wazi. Ignacy aliweza kuupa mto mgongo na kuupita kila mwamba kwa kumbukumbu, lakini Walenty aliona huko kuwa ni kujionyesha.

"Kushoto ni Poland," alisema. "Kulia ni Slovakia. Maji yanatoka milima ya Tatra." Alifikiri kidogo. "Ni baridi."

Benchi la kwanza likatoa sauti nzito ya mwanamke. "Wewe kaka! Unaongea na sisi au na samaki?"

"Na samaki, Halina," mwingine akajibu. "Sisi tunasikiliza kwa kuiba."

Wakacheka. Walenty akageuka.

Kwa misimu yote ile aliwajua abiria kwa visogo. Alijua shingo zilizoungua na jua, vibanio vya nywele, kola zilizofuliwa vibaya. Kicheko alikijua kwa mabega: yalianza kwenye benchi la kwanza, yakaja nyuma safu kwa safu mpaka yakafika miguuni pake. Hakuwahi kuziona nyuso. Sasa zilikuwa mbele yake zote, zimemwelekea, zikingoja.

Alitafuta kitu anachokijua. Akamtazama Ignacy.

Hata hapo alikuta mgeni. Ignacy aliyemjua ni mgongo: kizibao kilichotariziwa maua mekundu, na uzi mmoja uliokatika karibu na bega la kushoto ambao mke wake hakuwahi kuushona. Huyu wa leo alikuwa na nyusi zilizoanza kuwa nyeupe, na uso wake ulikuwa na shughuli. Midomo ilikuwa ikienda. Walikuwa wakikaribia monasteri ya zamani upande wa Slovakia, mahali ambapo kila mwaka, kila safari, Ignacy alianza habari ya kofia. Na mdomo wake, bila kuulizwa na mtu, ulikuwa umeanza.

Walenty aliyajua maneno yale kama mtu anavyojua kelele za nyumba yake. Alikuwa hajawahi kuyatamka tu.

"Mnaziona hizi simbi?" alisema, macho yakiwa kwenye midomo ya mwenzake. "Kila moja ni mama mkwe mmoja. Nilimvusha upande wa Slovakia. Sikumrudisha."

Mabega yakatikisika, safari hii yakiwa na nyuso juu yake. Mwanamme pekee katika benchi la pili alicheka kupita kiasi, na mkewe akampiga kiwiko.

"Na hakuna hata mmoja aliyerudi?" Halina aliuliza.

Walenty akatazama nyuma. Ignacy alifunga midomo, akatikisa kichwa. Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mmoja," Walenty alisema baada ya kufikiri. "Wangu."

Halina alicheka mpaka mkate wake ukaanguka kwenye maji yaliyotuama chini ya benchi. Akauokota, akaukung'uta, akaendelea kula.

Wakaingia kwenye bonde jembamba. Vilele vya Mataji Matatu vilisimama kushoto, vyeupe kwa jua, na Walenty akayasema yote ambayo midomo ya nyuma ilimpa: habari ya mtawa aliyejitengenezea mbawa, habari ya jambazi aliyeruka mto kwa hatua moja akiwakimbia askari. Alichelewa kidogo kila mahali. Aliporuka neno, Ignacy alikunja uso na kulirudia, na Walenty akalirudia naye. Bi. Stefania alikuwa amekunja mikono.

Katika kina kifupi karibu na ukingo wa Slovakia alisimama korongo mweusi. Walenty alimwona kabla ya wote. Siku zote alimwona kabla ya wote. Midomo ya Ignacy ilikuwa katikati ya utani wa mbuzi wa padri, kwa sababu Ignacy hakuwahi kusimama kwa ajili ya ndege. Ndege hana kichekesho.

Walenty aliinua mkono. "Msinyanyuke," alisema polepole. "Kulia, kwenye mawe. Ni dume. Jike yuko kwenye kiota juu ya lile jabali, huyu anamvulia samaki."

Chelezo kilipita kikiteleza. Korongo alitumbukiza mdomo mwekundu, akainuka na kitu kinachong'aa, akakimeza. Nyuma, Ignacy alikuwa ameacha kusukuma. Bi. Stefania alikuwa amekunjua mikono ili aegemee ubavuni aone vizuri.

Kisha kikaja kile kinachongojewa na kila mtu wa mbele. Jabali linasimama kuupinga mto, kijivu, bila ufa, na maji yanaonekana kuishia hapo. Abiria huulizwa mto unakwenda wapi, nao hubishana, huwekeana dau la bia, na karibu wote hukosea. Ignacy alikuwa mfalme wa mahali pale. Midomo yake ilikuwa tayari imeanza, na macho yake yaling'aa.

"Haya, wapendwa," Walenty alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu kama raha. "Mto umekwisha. Niambieni: kulia au kushoto?"

"Kulia," alisema Halina, akitafuna.

"Umejuaje?"

"Kaka, mti wako umeshauweka majini kushoto. Nimefuma vitambaa maisha yangu yote; nikiona mkono najua unakokwenda."

Walenty akatazama mikono yake. Ilikuwa kweli. Mtu wa nyuma huanza kona kabla ya wa mbele, maana mkia wa chelezo lazima uanze kuzunguka mapema. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi yake ya siku zote na kuufichua mto mzima.

Damu ilimpanda masikioni. Alimtazama Ignacy, akitarajia kuona hasira. Lakini Ignacy alikuwa amepinda kwa kicheko, mdomo wazi, machozi yakitoka, upondo umemponyoka nusu, na chelezo kikaanza kwenda upande. Abiria waligeuka kuona Walenty anatazama nini. Bi. Stefania naye aligeuka.

Walimwona mzee mwenye skafu, uso umejaa kicheko, bila sauti hata kidogo. Ignacy aliacha kucheka. Mkono wake ukapanda shingoni.

"Kumbe anayesema ni yule," Halina alisema.

"Ndiye," Walenty alijibu. "Sauti yake ilipotea msimu wa baridi. Habari zote ni zake. Utani wa mama mkwe wangu tu ndio wangu."

"Huo ndio uliokuwa mzuri."

Midomo ya Ignacy ikaenda kwa kasi.

"Amesema nini?" waliuliza wanawake kwa pamoja.

"Hilo halisemeki mbele ya watu," Walenty alisema, akasukuma kushoto, na mto ukafunguka kulia.

Njia iliyobaki abiria walikaa nusu wakitazama mbele na nusu nyuma, wakijaribu kukisia maneno kabla hayajafika. Mara mbili walifaulu, wakapiga makofi.

Huko Szczawnica walishuka wakipeana mikono. Halina alimbusu Ignacy mashavu yote mawili, kisha Walenty moja. Walipokwisha kuondoka, Bi. Stefania alibaki gatini, akifuta viatu kwa kipande cha karatasi ya mkate.

"Walek. Kesho usitie upondo majini kabla ya kuuliza."

"Sawa."

"Na wewe, Ignac." Alikunja karatasi. "Punguza maneno. Chelezo kizima kimekusikia."

Mitumbwi ilifunguliwa, ikapangwa juu ya lori, na watu wakapanda kando yake kama kila mchana. Siku zote wao wawili walikaa bega kwa bega, migongo kwenye ubao. Leo Ignacy alikaa upande wa pili, uso kwa uso na Walenty. Dereva alitia gia, injini ikaunguruma, mnyororo ukagonga chuma, na kila mtu akaacha kuongea kwa sababu hakuna ambaye angesikika. Ignacy akaegemea mbele, akaanza kusema kitu. Kilikuwa kirefu, na kilihitaji mikono. Lori lilipinda kuelekea juu, mto ukabaki chini upande mmoja, na katikati ya kelele ile Walenty, peke yake, akaanza kucheka.