Uji wa Mkwe

Kwetu mkwe mpya akija mara ya kwanza halishwi, anashindiliwa. Prajeesh alipokuja na binti yangu Remya baada ya harusi, nilimjazia jani la mgomba mpaka wali haukuonekana: mafenesi ya nazi, achari kali, dengu, ndizi za kukaanga, na payasam tamu ya maziwa juu yake. Alikula vyote. Kila nilipoongeza alitabasamu, nami nikajisifu mtaa mzima kwamba nimepata mkwe anayejua kula.

Halafu hakurudi tena. Mara kazi, mara mvua, mara pikipiki mbovu. Sikukuu yetu ya mavuno, Onam, ilipokaribia, Remya akapiga simu kusema watabaki kwao. Onam ya kwanza ya ndoa, mkwe asionekane kwangu! Nikapanda basi bila kumuaga mtu, hasira zimenifika kooni.

Nilimkuta mezani anakunywa uji wa mchele na choroko.

"Kumbe unakula," nikasema. "Cha kwangu ndicho kinachonuka?"

Akasimama kama mwizi. Remya akatoka jikoni mbio.

"Mama, siku ile nusura umuue! Tulishuka basi njiani tukaomba choo kwa watu tusiowajua."

"Mbona hakusema?"

"Nimkatalie mama mkwe?" Prajeesh akasema, macho sakafuni. "Tena siku ya kwanza?"

Hospitali walikuwa wamempima wasione kidonda. Utumbo wake ni mwepesi kukereka, basi. Tabibu wa Ayurveda, tiba yetu ya jadi, ndiye aliyempangia: uji vuguvugu, mchana mtindi mwepesi wenye tangawizi na jira, pilipili kidogo sana, ale saa zilezile, alale mapema. Na asile penye ugomvi. Hapo nikaketi, nikamsogezea uji wake. Mtoto wa watu ameteseka kwa adabu, na adabu yenyewe ilikuwa kwa ajili yangu. Nilimpenda palepale.

"Onam mtakuja," nikamwambia. "Uji nitapika mimi."

Wakaja. Ndugu walikaa mkekani kwa safu, kila mtu na jani lake limesheheni. Mbele ya Prajeesh nikaweka jani tupu, na juu yake bakuli la uji. Wifi yangu Omana, aliyekuwa anagawa payasam ya moto, akasimama mkono kiunoni.

"Ee! Mkwe siku ya sikukuu ananyweshwa uji kama mgonjwa? Wifi, umeishiwa au umemchoka?"

Watu wakaangua kicheko. Prajeesh akanitazama, akaona uso wangu ulivyonishuka. Taratibu akalisogeza bakuli pembeni.

"Nitilie, shangazi," akasema. "Jaza tu."

Alikuwa tayari kuumwa tena ili mimi nisichekwe. Nikalifunika jani lake kwa mkono wangu, lakini upawa wa Omana ulikuwa umekwisha kuinama. Payasam yote ikanimwagikia mkononi.

"Mwanamke wewe una wazimu!" Omana akapiga kelele.

"Ninao. Na huyu ni mwanangu, atakula ninachompikia mimi."

Kicheko kikakatika. Prajeesh alikuwa ameshanishika kiganja, ananimwagia maji ya baridi, machozi yanamlengalenga, mbele ya ukoo mzima.

"Niache bwana," nikamfokea. "Kunywa uji, unapoa."