Gauni Lililokatwa kwa Vipimo vya Shangazi

Bibi harusi alipojitazama kwenye kioo cha dada yangu hakulia. Pa kulilia hapakuwepo: gauni lilikuwa limemmeza mpaka kidevuni.

"Humu tunaenea wawili," alisema. "Mwenzangu ni nani?"

Dada ni fundi cherehani, na programu ya kupokelea kazi zake niliiandika mimi. Akanigeukia polepole.

"Injinia, umenikatisha gauni la nani?"

Nikafungua kompyuta. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyeagiza, kwa simu, akaandika na vipimo vya binti, ambaye alikuwa masomoni mbali. Programu ikavitupa. Ilikuwa na vipimo vya shangazi tangu aliposhonewa hapa mwaka juzi, na mimi niliifundisha jambo moja tu: kila mteja na vipimo vyake. Shangazi mwenyewe amejaliwa, Mungu ampe maisha marefu na milango mipana.

Harusi ilikuwa keshokutwa.

"Hili likinishinda," dada alisema, "narudi kwenye daftari. Na hicho kidude chako ukakifundishe kufuga kuku."

Akaanza kufumua. Mimi nikakaa sakafuni na karatasi ya kukatia pateni, nikaanza kuichora programu upya, safari hii kwa kuuliza.

"Dada, mteja ni nani?"

"Yupi? Anayeagiza, anayevaa au anayekuja kuchukua?"

"Si mtu mmoja?"

"Suruali zako za shule nani aliagiza? Mama. Alizivaa?"

Nikafuta duara moja la "mteja", nikachora matatu. "Basi vipimo ni vya mvaaji."

"Vya mvaaji siku ile. Mwili si ukuta, mdogo wangu. Hebu litazame hilo tumbo lako."

Nikaongeza tarehe ya kupimwa. Miaka minne nimepanga majedwali ya watu bila kuwauliza maneno yao wanayatumiaje. Pini za sakafuni zilinichoma mahali nisipopataja, na sikuzilaumu.

Kesho yake mchana gauni lilimkaa bibi harusi kama ngozi ya pili. Shangazi akapiga makofi, akataka na yeye lake. "Vipimo mnavyo."

Nikaandika jina lake. Programu, niliyoirekebisha usiku ule, ikagoma: vipimo vya mwaka juzi, pima tena.

"Inanisema unene hiyo!"

Dada akavua futi shingoni. "Haikusemi, shangazi. Imeanza kuuliza kama fundi, kwa hiyo inabaki. Nyanyua mikono."